Nanyama na Muziki wa Lege

Nanyama hakuweza kusema r. Si kwamba alikataa. Ulimi wake ulitoka Mbale, na kwa Wagisu wengi r na l ni mtu mmoja, leo amevaa kofia, kesho hana. Aliniambia alinikubali mimi kati ya wote waliomtaka kwa sababu jina langu, Ouma, halikuwa na kitu cha kumsumbua. Binti yetu alipozaliwa, watu wa kwetu Kenya wakampa jina Roselyn. Nanyama akamwita Loselini, na mtoto akawa anaitika kote kuwili.

Alikuwa mke wangu. Amefariki mvua hizi zilizopita. Watu wamesema mengi juu yake. Mama wa kanisa, mama mkarimu. Ni kweli. Lakini hakuna aliyesema kwamba alikuwa na studio ya muziki. Vijana hawajui, na wazee wanaojua walizoea kunyamaza. Basi nasema mimi. Shule sikwenda, herufi nilifundishwa na katekista, kwa hiyo sitasema maneno mengi.

Nilikuwa dereva wa lori. Nilipakia samaki Masese, pale ziwani Jinja, nikawapeleka Mbale. Nilimkuta Nanyama sokoni Mbale akitukana. Hakunitukana mimi, alitukana samaki. Alisema wanaonekana wamekufa kwa uvivu. Nikacheka, na mambo yakaanzia hapo. Mimi Mjaluo, yeye Mgisu. Hatukuwa na lugha nyingine ila Kiswahili, ambacho si cha mama yangu wala cha mama yake. Tulitongozana kwa Kiswahili na tukagombana kwa Kiswahili. Miaka ile ya utawala wa jeshi, Uganda Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Jirani zetu Mpumudde wakitusikia tunagombana walifunga milango, wakidhani nyumba imevamiwa.

Mpumudde ni mtaa wa Jinja. Tulikuwa na vyumba viwili na kibanda cha nyuma. Kibanda ndicho kilichokuwa studio.

Mashine ilitoka kwa padri mmoja Mzungu. Serikali ilimwambia arudi kwao, na hakuweza kubeba kila kitu. Ilikuwa mashine ya kunasa sauti, nzito kama mtoto wa ng'ombe, yenye magurudumu mawili ya ukanda. Padri alikuwa akinasa nyimbo za kanisa nayo. Nanyama alikuwa mwimbaji katika kwaya, na yeye ndiye aliyekuwa akiiwasha padri akisahau. Padri akamwachia. Nilipoileta nyumbani juu ya samaki, nilimwuliza tutaifanyia nini. Akasema tutawanasa watu.

Miaka ile neno hilo halikuwa zuri kulisema kwa sauti. Nikamwambia aseme tutanasa nyimbo.

Kuta za kibanda zilitaka kufunikwa ili sauti isirukeruke. Hatukuwa na kitu ila magunia yangu ya samaki wakavu. Niliyafua, nikayafua tena. Harufu haikutoka. Kwaya moja ya Mafubira, mtaa wa jirani, ilikuja kunasa wimbo wa taratibu wa maombolezo, ikauimba mbio ili itoke nje. Wimbo ule ulipendwa sana. Watu walisema wale wana bidii.

Mdogo wake Nanyama, Gidudu, alipiga gitaa. Mama yao alikufa Gidudu akiwa bado ananyonya, na Nanyama ndiye aliyembeba mgongoni. Hata alipokuwa mwanaume mwenye ndevu, Nanyama alimfuta mdomo kwa kanga akimaliza kula. Gidudu alilala humo humo studioni, akanuka kama lori langu. Mimi nikiwa nyumbani, kazi yangu ilikuwa kuinyamazisha Mpumudde. Nilisimama nje nikiwaomba wenye baiskeli wasipige kengele. Kuku niliwashika mkononi. Kuku akishikwa vizuri hasemi kitu.

Hiyo ndiyo ilikuwa familia, na hiyo ndiyo studio.

Sasa juu ya santuri. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Kenya mjini Mbale, jina lake Nicanor. Aliuza sufuria, na nyuma ya sufuria aliuza santuri alizoletewa na madereva kutoka Mombasa. Siku moja alinipa moja isiyokuwa na jalada. Akasema ni muziki mpya, unaitwa rege, watu wa visiwa vya mbali wanaupiga. Nikaweka santuri juu ya kiti, magunia matupu nyuma, tukarudi Jinja.

Nanyama aliiweka kwenye gramafoni. Ilipoanza, tuliangaliana. Ngoma ilikuwa inaburuta miguu. Gitaa lilikuwa linachelewa. Nanyama akasema umeme umepungua. Nikamwambia hapa ni Jinja, bwawa la umeme liko pale chini, tukipungukiwa sisi nani atatosheka. Tukabadilisha kasi ya gramafoni. Mwimbaji akawa kifaranga. Tukairudisha. Akawa tena mtu anayezungumza akiwa amelala.

Tukamwita Waiswa, fundi wa umeme wa mtaa. Alifungua gramafoni, akaipangusa, akaifunga. Alisikiliza upande wote wa santuri akiwa amefumba macho. Kisha akasema mashine ni nzima na umeme ni mzima, wanaoimba ndio wamechoka. Akashauri tusubiri wapumzike.

Ni Gidudu aliyeelewa. Alikaa na santuri ile siku kadhaa, halafu akaja jikoni na gitaa. Akatuambia hawakuchoka. Wanapiga pale ambapo watu wengine wanavuta pumzi. Akatuonyesha. Nanyama alikuwa anamenya ndizi za matooke, na nikaona kisu kinachelewa, kikaanza kumenya pale ambapo hakikuwa kinamenya. Akasema, "Hii lege ni tamu."

Lege. Ndivyo alivyosema. Gidudu naye alisema lege. Waiswa, Msoga, alisema lege. Mimi peke yangu nilisema rege, na peke yangu nilionekana na matatizo ya ulimi.

Wakatunga wimbo wao. Maneno ni ya Nanyama, na ni juu yangu. Wakati ule nilikuwa naendesha kwa kasi, kwa sababu barafu ya samaki ilikuwa inayeyuka njiani. Gidudu aliimba hivi:

Talatibu, Ouma, talatibu,
samaki hana halaka,
yeye ameshakufa.

Basi. Hakuna zaidi. Waliurudia mpaka ukanda ukaisha. Nanyama akaweka mashine ya padri na mashine ndogo ya kaseti uso kwa uso, kama watu wanaoambiana siri, akatoa kaseti. Moja akampa Margret, mwenye baa Masese. Baa ya Margret haikuwa na bia siku nyingi. Haikuwa na sukari ya chai. Wahindi wenye viwanda vya sukari walikuwa wameshafukuzwa, na sukari ilikuwa imewafuata. Lakini ilikuwa na kaseti, na watu wakaja kwa kaseti.

Askari pia wakaja. Askari walikuwa wachezaji wazuri, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwaambia wanakosea. Waliucheza wimbo wa Ouma kwa magoti. Goti linakunjika, mtu anashuka kidogo, anabaki huko chini, anafikiri, anarudi. Siku ya tatu walikuwa wanatembea hivyo barabarani, bunduki begani. Walinzi wa geti la kambi walikuwa wanashuka na kupanda kama watu waliomo ndani ya mtumbwi.

Ndipo akaja Afande Gaster.

Alikuwa mkubwa wa nidhamu pale kambini. Mtu mfupi, msafi sana, mwana wa hapo hapo Busoga. Aliingia kwetu mchana na askari wawili. Akaingia studioni, akanusa, akatoka. Gidudu alikuwa na gitaa mapajani. Nanyama akaleta kiti. Afande hakukaa.

"Mama, muziki gani hii?" akauliza.

"Lege, afande."

"Sema tena."

"Lege."

Akawageukia askari wake kama mtu aliyesikia ungamo. Hapo nikaona hatari, nikaingia.

"Afande, si lege. Ni rege."

"Ndiyo nasema. Lege."

"Rege, afande. Kwa r."

Akanikaribia. Masikio yake yalikuwa ya Busoga, hayakusikia tofauti yoyote. "Wewe Mjaluo," akasema, "unarudia neno ile ile, unafikiri mimi ni kiziwi?"

Akauliza maana ya neno lenyewe. Hakuna aliyejua. Gidudu, ambaye hakujua kudanganya, akasema tulilikuta linaitwa hivyo. Afande akasema hiyo ni mbaya zaidi. Mtu anayepiga kitu asichokijua ametumwa. Yeye anajua maana. Ni kulegea. Ni legelege. Mtu ameketi hapa Mpumudde, kwenye kibanda kinachonuka samaki, analegeza jeshi goti moja baada ya lingine, na adui akija atakuta askari wote wako nusu chini.

Wakamchukua Gidudu. Wakachukua mashine, ukanda na gitaa. Kaseti zilikuwa zimeshachukuliwa kwa Margret. Nanyama alishika mlango wa gari mpaka askari mmoja akamtoa kidole kimoja kimoja, bila hasira, kama anayetoa miiba.

Miaka ile mtu akichukuliwa, watu hawakuuliza atarudi lini. Waliuliza alikuwa amevaa nini. Margret aliuliza hivyo hivyo, akiwa na huruma. Nanyama akamwambia, "Amevaa mwili wake, na nitauludisha."

Akaanza kwenda getini na chakula. Chakula kilipokelewa, yeye hapana. Alikaa hapo kwenye jua akiangalia walinzi. Wale walinzi walikuwa wamekatazwa kukunja magoti, na sasa walitembea kama ngazi. Mwisho Afande Gaster akatuita ofisini. Nadhani alitaka kutuonyesha kwamba amefanya haki.

Alitueleza kwamba amejaribu kuukaza muziki. Hakusema kwa mzaha. Alimwita fundi wa magari ya kambi na spana zake. Fundi alikaza kila skrubu ya mashine ya padri. Wakawasha, wimbo ukatoka vile vile. Wakamwambia Gidudu akaze gitaa. Gidudu akakaza. Wakamwambia bado. Nyuzi mbili zikakatika. Afande alinyosha mikono kuonyesha kwamba juhudi imefanywa.

"Mumeona wenyewe," akasema. "Inakataa kukazwa."

Kisha akasema tuna mpaka Jumamosi. Jumamosi kuna gwaride. Baada ya gwaride kuna gari linakwenda Kampala, na Gidudu atakwenda nalo. Tukitaka vingine, tulete mtu wa kueleza kwamba hiyo lege si kulegea.

Gari lile tulilijua. Jinja nzima ililijua. Lilikwenda Kampala na likarudi kila mara, lakini tupu.

Tulikwenda Mbale kumtafuta Nicanor, aliyetuuzia neno. Nilipakia samaki, kwa sababu lori lisilo na samaki lingeulizwa maswali njiani. Nanyama alikaa mbele. Tukaona mlima Wanale, ulio juu ya Mbale. Halafu akaniuliza kama kweli kuna tofauti. Kati ya nini na nini, nikamwuliza. Kati ya ile yako na ile yangu, akasema. Nikasema rege. Nikasema lege. Akasikiliza mdomo wangu kwa makini, akatingisha kichwa. Akasema anaona meno yangu yanafanya kazi, lakini sauti ni moja.

Nicanor tulimkuta dukani. Nyuma ya sufuria hakukuwa na santuri hata moja. Ukuta mzima ulikuwa umejaa mabakuli meusi, yenye kingo za mawimbi kama sketi. Nikamwuliza santuri ziko wapi. Akasema, "Santuri gani? Mimi nauza bakuli."

Habari za Gidudu zilikuwa zimefika kabla yetu. Nicanor alikuwa amechemsha maji kwenye sufuria kubwa, akachovya santuri moja moja mpaka zikalainika, akazifinya juu ya sufuria ndogo. Duka la muziki likawa duka la vyombo kabla ya chakula cha mchana. Alisema zinanunuliwa vizuri kuliko zilipokuwa zinaimba. Watu wanawekea karanga.

Nanyama akamwomba aje Jinja aseme tu maana ya neno. Nicanor alimheshimu, akamwita shemeji, akamletea kigoda. Lakini kuja hapana.

"Shemeji, sijui maana," akasema. "Mimi niliambiwa rege, nikauza rege. Chumvi inaitwa chumvi, mimi nani niulize? Na mkitaja jina langu kule, nyinyi mtakuwa mmenizika."

Akatupatia bakuli moja. Katikati ya kitako karatasi ya santuri ilikuwa bado imebandikwa, maandishi yamepinda. Nicanor alisema hiyo ilikuwa rege, anakumbuka, na tundu la katikati ameliziba kwa mshumaa. Nanyama alilipokea kwa mikono miwili. Nilimwuliza njiani tunapeleka bakuli kufanya nini. Akasema mpaka sasa tulikuwa na neno tu. Sasa angalau tuna chombo.

Ijumaa tukasimama tena mbele ya Afande Gaster. Nanyama akaweka bakuli mezani. Akaeleza kwamba hii ndiyo lege yenyewe, aishike, aone ilivyo ngumu. Afande akaishika. Akaigonga mezani. Ilikuwa ngumu kweli. Akaigeuza, akasoma kitako, au alifanya kama anasoma. Nikaona uso wake unabadilika kidogo. Kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu anayeweza kukosea.

Sasa kulikuwa na birika la chai, na vikombe vya ofisi vilikuwa vimeibwa. Afande akajimiminia chai ndani ya bakuli. Chai ilikuwa ya moto sana.

Sitaki kuongeza. Nasema tu nilichoona. Mshumaa ulitoka kwanza. Chai ikapita kwenye tundu, ikaenda kwenye suruali. Afande akainua bakuli haraka, na lenyewe likaanza kushuka pande zote mbili za mkono wake, polepole, kama sikio la ng'ombe. Askari wa mlangoni aliangalia dari. Mimi niliangalia kiatu changu. Nanyama peke yake aliangalia mbele.

Afande hakupiga kelele. Aliweka kile kitu mezani, ambacho sasa hakikuwa bakuli wala santuri, akakionyesha kwa kidole.

"Hata sahani yake inalegea," akasema. "Kesi imekwisha."

Tulirudi nyumbani. Nanyama hakulia. Alipiga pasi shati la Gidudu, lile la kanisani. Sikumwuliza la nini.

Jumamosi alisema anakwenda kwenye gwaride. Nikamwambia gwaride si arusi. Akasema ndugu yake yuko huko. Walinzi walimruhusu, kwa sababu walikuwa wameshamzoea na chakula chake walikuwa wanakionja. Nikaingia nyuma yake na shati.

Askari walikuwa wamepangwa uwanjani. Chini ya mlingoti wa bendera kulikuwa na kiti, na juu ya kiti mashine ya padri, waya wake umetoka kwenye dirisha la ofisi. Gidudu alikuwa amesimama kando yake. Alikuwa amekonda, na jicho moja lilikuwa limefumba, lakini alikuwa yeye. Gari la Kampala lilikuwa limeshawashwa. Afande Gaster alikuwa ameamua kutoa ushahidi mbele ya wote. Aliamuru mashine iwashwe na kikosi kitembee.

Wakatembea. Talatibu, Ouma, talatibu. Mstari wa kwanza ulijikaza sana. Mstari wa pili ulijikaza. Mstari wa tatu walikuwa wateja wa Margret. Goti moja likakunjika, likaambukiza la jirani, na kabla hawajafika mwisho wa uwanja kikosi kizima kilikuwa kinashuka na kupanda. Afande akatugeukia, akatuonyesha magoti kwa kidole.

Akaashiria kwamba inatosha. Mashine ikazimwa. Sajini meja, mzee mmoja wa kaskazini mwenye sauti ya ng'ombe dume, akawasimamisha. Akaita mguu sawa. Akaita mguu pande. Kisha, kwa sababu ndivyo gwaride linavyofanywa tangu enzi za Waingereza, akavuta pumzi, akaita, "Leeege-a."

Na kikosi kizima kikalegea. Mabega yakashuka. Mtu akajikuna.

Nanyama akainua mkono, kama mtoto wa shule, ingawa shule hakwenda.

"Afande," akasema, "huyo mzee amesema nini?"

"Amesema legea."

"Nani amemluhusu?"

Afande akashangaa. "Hiyo ni amri ya jeshi."

"Basi na sisi ni hiyo hiyo," akasema Nanyama. "Lege. Tulichukua kwenu."

Hakuna aliyecheka, kucheka kulikuwa na wenyewe, nao ni wakubwa. Afande Gaster alisimama akiangalia midomo ya mke wangu, halafu midomo ya sajini meja. Niliona anajaribu kutafuta tofauti kati ya maneno mawili na haipati. Masikio yale yale yaliyomfunga Gidudu sasa yalikuwa yamemfunga yeye.

Akamwambia sajini meja arudie. Mguu sawa. Mguu pande. Legea. Askari wakalegea. Akaamuru mashine iwashwe hapo hapo, kwenye legea. Wimbo ukaanza, na kikosi kikashuka kwa pamoja, magoti yote kwa mara moja, kikabaki chini, kikafikiri, kikapanda. Ilikuwa safi. Sijaona gwaride zuri kama lile tena. Hata sajini meja alikuwa anatikisa fimbo.

Afande akasema polepole, "Hii inalegea kwa nidhamu."

Nikashusha pumzi. Mapema mno. Kwa sababu mtu wa aina ile akipenda kitu, ni hatari kuliko akikichukia. Alitangaza kwamba lege ni mali ya jeshi. Mashine inabaki kambini. Mpiga gitaa pia anabaki, aandikwe jeshi leo, apewe viatu. Gari la Kampala likazimwa, lakini Gidudu akabaki pale pale chini ya bendera, na sasa kwa heshima.

Nilimwona Nanyama akiangalia mashine. Aliijua kama mtu anavyojua jiko lake. Aliiangalia muda mfupi tu.

"Afande," akasema, "mashine ni sawa, chukua. Lakini huyu wa nini? Gitaa lake limeshaingia ndani ya mashine, lote. Hapa amebaki mkono na tumbo. Na huyu anakula, afande. Mimi ndiye nimemlea. Anakula ya watu watatu."

Afande akamwangalia Gidudu. Gidudu, Mungu ambariki, akaangalia sufuria za jiko la kambi.

Wakati ule maharage ya askari yalikuwa yanahesabiwa kwa kijiko, na mkubwa wa nidhamu ndiye aliyeshika kijiko. Akamwuliza sajini meja kama ni kweli mashine haihitaji mtu. Sajini meja akasema inahitaji umeme tu, na umeme hauli. Afande akafikiri. Akasema, "Chukua hiyo tumbo yako, mama."

Nanyama hakushukuru. Alikwenda, akamvua Gidudu shati lililokuwa na damu, pale pale mbele ya kikosi, akamvisha la kanisani, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Halafu akamshika mkono wakatoka getini. Mimi nilifuata. Nyuma yetu mashine ilikuwa inaniambia nisifanye haraka. Nilifanya haraka.

Hatukulala tena Mpumudde. Nilipakia vitu, Gidudu nikamweka chini ya magunia, tukahamia Mbale kwa watu wao. Afande angeweza kukumbuka jambo. Siku za kwanza Gidudu hakusema, na mtu akigonga mlango alisimama mguu sawa. Nanyama alimwambia legea. Alimwambia kila mara, kwa upole, mpaka akalegea.

Jeshi lile lilikimbia mwaka wa sabini na tisa. Nilipita Jinja, nikauliza habari za mashine. Mmoja akasema waliibeba mpaka kaskazini. Mwingine akasema ilitumika kuzuia mlango. Mlango gani, hakujua.

Nanyama hakutafuta nyingine. Kule Mbale alitenga chumba, akaning'iniza magunia, na watu wakaja. Niliwaambia hakuna mashine. Wakasema wanajua. Waliingia, wakaimba, Nanyama akakaa mbele yao mikono mapajani, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaambia pale palipokosewa, wakaimba tena. Wakitoka walikuwa na nyuso za watu waliofanya jambo. Iliendelea miaka mingi. Hakuna aliyeona ajabu, hata mimi nikaacha kuona.

Siku ya mazishi mvua ilinyesha. Kwaya iliimba vizuri, kwa haraka, kwa sababu ya mvua. Gidudu sasa ni mzee, jicho moja halioni vizuri, ana wajukuu. Alitaka yeye ndiye atupe udongo wa kwanza. Watu wakanitazama, maana mimi ndiye mume. Nikampisha.

Wako wengi wa miaka ile ambao dada zao wamezeeka bila kujua waliko. Nanyama alimleta wake nyumbani. Kwa hiyo alikuwa na mtu wa kumzika. Gidudu alishika udongo muda mrefu, umelowa, unamtoka katikati ya vidole. Watu walikuwa wanangoja chini ya miavuli. Hakuna aliyemwambia afanye haraka.